Kifua ya Masika Inatoka Kwetu

Beni

Kwa mutoto wangu Kambale, Kipese

Miye baba yako, mwenye miaka sabini na tatu, nilimaliza Mubeleji na fimbo yake, nilimaliza Zaïre, nilizika mama yako na meno yangu karibu yote, ningali hai. Weye je? Maharagi iliota? Hata kama basoda na bunduki zao balikula yote, jibu tu.

Neno lako lilifika. Hadji mwenye camion ya mizigo alinisimamisha mu soko, mbele ya batu: «Mzee, Kambale anasema bibi yake Kavira arudi kwa bazazi bake. Eti kifua ya mutoto ni uchawi ya ile famille.» Kavira alikuwa nyuma yangu, mutoto wenu Masika ku mugongo. Alisikia yote. Sasa anakula kidogo, na vitu vyake amevifunga.

Donc, basi, soma polepole, juu miye pia ninaandika polepole.

Wakati tulikimbia basoda, weye ukabakia Kipese na shamba, tulijificha mu pori na batu bengine. Masika akaanza kupiga filimbi mu kifua. Mwanaume moja akasema: «Mama, toka na hiyo filimbi yako, basoda batatusikia.» Tukatoka mu mvua. Miye njo nilimubeba mutoto, vijana banatazama chini. Lakini ku kilima na miye kifua ikafunga. Tukabakia babili tunalia kama milango ya zamani.

Hapa, infirmier, muuguzi wa dispensaire, alitusikiliza vifua wote. «Papa, asime, hii ugonjwa ya pumuzi, haiko ya namna moja.»

Nikamujibu: «Kijana, mbuzi ni mbuzi.»

«Basi mutakunywa dawa moja, tutaona.»

Masika alifunguka, akaomba bugali. Miye, hapana kitu. Nilimukasirikia infirmier sana, kisha nikamuuliza sababu.

Anasema kila mutu anazaliwa na amri ndani ya mwili, alizipata kwa baba na mama. Ingine zinalala. Vumbi ya maharagi, moshi, mafua, njo vinaamusha. Kwa Masika, amri inaita basoda ya damu ya namna fulani, banavimbisha njia ya pumuzi, na ile dawa inabatuliza. Kwa miye inaita bengine, na bale habasikie dawa. Hata banganga bakubwa ba hospitali bangali banatafuta.

Kiko yangu ya tumbako, ile basoda balishindwa kuninyanganya, nimeitupa mu choo. Moshi yake inaamusha amri ya mutoto.

Kambale, hiyo damu ni yetu, haiko ya Kavira. Mama yangu alikufa amekaa, alishindwa kulala chini. Na weye, mbele ya kuota meno ya pili, ulikuwa unalala umekaa vilevile, banakushika. Kisha ikanyamaza, ukasahau. Haikukufa. Ilipita ndani yako kimya, ikaamuka kwa mutoto wako.

Miye sitarudia kuona Kipese. Pumuzi inapunguka. Kama unamufukuza Kavira, siku nitaondoka, nani atamushika Masika amekaa, usiku?

Salimia kaka yako mukubwa na bibi yake, na pasta wetu, aniombee na sauti kubwa.

Ukisema mzee anajisifu, infirmier iko hapa, atakuambia. Hadji alisikia vifua vyetu mu camion yake, wakati alituleta hapa Beni, bila kuuliza. Lakini juu yako weye mwenyewe, panda mpaka Musienene kwa shangazi yako. Mikono yake njo ilikuwa inakushika, mpaka asubui. Muulize.

Baba yako