Nilimsingizia Mama Mkwe Kumaliza Maji ya Tanki

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana nimemkosea mtu mzima na sijui nianzie wapi. Mimi ni mwalimu, naishi Msalato na mume wangu Elisha na watoto watatu, maji ya bomba kwetu hutoka siku mbili kwa wiki kwa hiyo tunategemea tanki la lita elfu moja, na mwezi wa tano Elisha alininunulia mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, nikafurahi mno nikawa nafua kila siku, leo sare mbili, kesho shuka moja, na kwa vile naogopa vijidudu naweka joto la nyuzi tisini, sabuni ni ileile ya unga ya kufulia kwenye beseni, namwaga vikombe viwili, povu linajaa kioo kizima na mashine inasuuza weee haimalizi. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mlali kutibiwa macho, akaniambia, "Mwanangu, hili dude linakunywa maji kuliko ng'ombe," mimi nikaona ananionea wivu, na siku tanki lilipokauka watoto wakaenda shule bila kuoga, Elisha akauliza maji yamekwenda wapi, nikajibu mama akiwa amekaa palepale, "Muulize mama yako, ndiye anayeshinda nyumbani akimwagilia mchicha." Mama alikunja kanga zake, kesho yake akapanda basi, na kliniki ya macho ilikuwa imebaki wiki moja tu.

Wiki iliyofuata tanki likakauka tena, naye hayupo. Nikachukua mpira wa maji machafu nikaukingia ndoo za lita ishirini, sare mbili tu zikajaza ndoo nne, nikakaa chini nikalia. Elisha bado anaamini mara ile ya kwanza ni mama. Je, niuze mashine ninyamaze, au niseme?

Mama Hilda, Msalato

JIBU

Marahaba, Mama Hilda. Umefanya vizuri kupima kwa ndoo. Ungepima kabla ya kufungua mdomo, mama angekuwa ameshatibiwa.

Mashine usiuze, haina kosa. Mashine za siku hizi hupima uzito wa nguo, huchukua maji kwa kadiri yake, kisha huzigeuzageuza nguo kwenye maji hayo machache. Ikijaa vizuri hutumia kama ndoo tatu, na mzigo huohuo kwenye beseni, pamoja na kusuuza, ungekula sita au saba. Wewe unaiwasha kwa sare mbili, halafu povu la sabuni ya kufulia kwa mkono linailazimisha isuuze tena na tena. Kusanya nguo, ufue mara mbili kwa wiki, ujaze ngoma, lile pipa la ndani linalozunguka, ukiacha nafasi ya kiganja juu. Tumia sabuni ya mashine, kwa kipimo kilichoandikwa. Umeme mwingi huliwa na kupasha maji, si kuzungusha ngoma, hivyo nyuzi thelathini zinatosha sare za shule; moto mkali uuache kwa nguo za mgonjwa. Maji ya kusuuza yakinge, upigie deki na kumwagia chooni.

Hayo ndiyo mepesi. Najua uliona haya mbele ya mumeo, lakini haya yako umemtwisha mgeni, tena mgonjwa, akaacha matibabu. Hapo sikuonei huruma. Leo hii mwambie Elisha bila kupamba: "Maji niliyamaliza mimi, nikamsingizia mama." Atakasirika, mwache akasirike. Jumamosi nendeni Mlali wote wawili, uyarudie maneno hayo mbele ya mama, Elisha akisikia, kwa kuwa ulimvunjia mama heshima Elisha akisikia. Usitangulize zawadi. Akikataa kufikia kwako usimlazimishe. Mtafutie ndugu wa kufikia mjini, na siku ya kliniki umpeleke wewe mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya kuingia darasani, piga simu hospitali uombe tarehe mpya ya macho yake.