Jina Lako Bado Lipo Kwenye Mfumo

Dada Nasrin,

Kamwene. Najua ungeitikia kwa Kihehe kizito kuliko cha watu wa Kalenga, halafu ungegeuka kutazama nyuso za wale waliokuona una sura ya Kihindi wakadhani huelewi kitu. Ulikuwa unaupenda sana mchezo huo. Ulizaliwa juu ya duka la vitambaa la baba yako pale Miyomboni, Iringa mjini, Kihehe ulikipata kwa wateja kabla hata hujaanza shule, na bado kila ofisi tuliyokwenda kukagua walikuuliza umetoka nchi gani. Ukawajibu, "Miyomboni." Nilikuwa nainama kwenye kompyuta yangu ili wasinione nacheka.

Nakuandikia kutoka ofisini Mbeya. Dirisha nimelifunga kwa sababu ya baridi na chai yangu imeshaanza kupoa. Kaka Obedi, mwenzako uliyeanzisha naye ofisi hii, alinipa kazi ya kufunga akaunti yako kwenye mfumo wetu. Alinipa mara tu baada ya msiba, na mimi nimekuwa nikimwambia kesho, Kaka, kesho. Mwanzo alikasirika, baadaye akaacha kuuliza. Leo nataka kuifunga. Lakini siwezi kuifunga bila kukuaga, kwa sababu sikukuaga.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuja kwenye mafunzo yako ya ukaguzi wa usalama wa mifumo nikiwa na digrii ya kompyuta na majivuno ya kutosha. Nilidhani utatufundisha kukamata wadukuzi. Wewe ukatuambia tuzime kompyuta, tuzitie kwenye mabegi, twende kwenye ofisi moja iliyokuwa imekubali tufanyie mazoezi kwao. Tupige hodi, basi, tuone hodi itatufikisha wapi.

Mimi ilinifikisha kwenye kiti cha meneja. Nilipiga hodi, nikasalimia, nikaulizwa habari za nyumbani na za viazi vya Uyole, na mama wa mapokezi akaona natetemeka kwa baridi. "Mwanangu, huku kwenye korido utaumwa, hebu ingia humu ndani ukae." Akaniletea chai, akaiweka kando ya kompyuta ya meneja iliyokuwa wazi, akaenda zake. Nilirudi darasani kichwa kimevimba. Kwenye ripoti yangu nikaandika kwamba yule mama ni mzembe, na jina lake nikaliweka.

Ulisoma, ukavua miwani, ukaniita kwa jina langu. "Tumpe, huyu mama amekupa chai. Wewe unataka kumpa barua ya kufukuzwa kazi?" Halafu ukasema ile sentensi ambayo leo naifundisha mimi: "Andika mlango, usiandike mtu." Kwamba kama mgeni anaweza kufika hadi kwa meneja bila kuulizwa, ofisi haina utaratibu wa kupokea wageni, na ile kompyuta haikupangwa ijifunge yenyewe ikiachwa. Hayo ndiyo yanayoandikwa. Ukarimu si hoja ya ukaguzi. Ulisema mkaguzi ni mgeni, na waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumaanisha mgeni aje amchongee mwenyeji. Darasa zima lilicheka, mimi nilinuna hadi jioni.

Na ile ya misiba nayo. Ofisi karibu zote za kwetu huku tulikuta kosa lilelile: mtu akipata msiba, anamwachia mwenzake nywila yake ili kazi isilale, kama anavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba na kuku wa kuwalisha. Mimi nilikuwa napandisha sauti. Wewe ulikaa nao, ukawapa pole kwanza, ukauliza nani kafiwa na kazikwa wapi, ndipo ukasema, "Msiba hautaacha kuja, na mtaendelea kwenda, ndivyo inavyotakiwa. Sasa kwa nini msimpe mwenzenu ruhusa yake mwenyewe mapema, kabla ya msiba?" Wakakuelewa. Na mimi nikajifunza kwamba kumbe kukagua ni kujua watu wanapendana vipi, halafu kuwatafutia namna ya kupendana bila kuibiwa.

Ninachokikumbuka zaidi ni barabara. Gari lako dogo, Mbeya kwenda Iringa, Iringa kurudi Mbeya, chupa ya chai ya tangawizi miguuni pangu. Ukifika Makambako lazima usimame ununue mahindi ya kuchoma, na upepo wa pale ukitupiga, wewe ulikuwa unalaumu kila mtu isipokuwa upepo. Halafu ukishika usukani unaanza kunihoji: nani anaruhusiwa kuingia wapi, nani kampa ruhusa, ikitokea kesho hayupo nani anamwondoa? Nikijifanya nimesinzia ulikuwa unanitupia punje ya hindi. Nimekaa kwenye magari mengi tangu hapo, hakuna aliyenitupia punje.

Ulipougua hukutuambia. Mdogo wako alinipigia asubuhi, nikapanda basi la kwanza nililolipata, na nilipofika Iringa ulikuwa umeshazikwa. Kwenu marehemu hacheleweshwi. Na hata ningewahi, makaburini walikwenda wanaume tu. Sisi tulibaki nyumbani. Nilipewa kanga ya kujitanda, nikakaa kwenye mkeka na dada zako, nikasikiliza kisomo nisichokielewa. Mama yako alinishika mkono akaniita mwanangu. Walinipokea vizuri mno, sina la kulalamika.

Lakini mimi ni Mnyakyusa, Dada. Kwetu tunalia kwa sauti, tunalala msibani, na kaburini kila mtu anachota udongo kwa mkono wake anautupa. Ndipo mkono unajua kwamba mtu ameondoka. Mkono wangu ulirudi Mbeya bila kujua. Wiki iliyofuata nilikutumia swali la kazi kwenye simu, nikakaa nasubiri jibu.

Mambo yamebadilika kidogo tangu uondoke. Darasa la Iringa sasa nalifundisha mimi, na nimejikuta navua miwani kabla ya kumkosoa mtu. Macho yangu ni mazima, ujue. Miwani nimenunua ya urembo. Gari lako amelichukua mdogo wako. Kaka Obedi amepunguza sukari kwenye chai, wewe uliyemsihi miaka yote hukuliona hilo. Na nimekuwa mkaguzi kiongozi. Kazi yangu ya kwanza nikiwa kiongozi ilikuwa Igowole, kwenye chama kimoja cha wakulima wa chai, na huko ndiko nilikokutana na kilichonisukuma kuandika barua hii.

Chama kinatafuta cheti cha usalama wa taarifa, kwa sababu mnunuzi wao mkubwa hataki tena kuchukua chai ya watu wasio nacho. Wakulima wote wa pale wanakisubiri. Nikawa napitia orodha ya watumiaji wa mfumo, nikaona Mzee Mgaya ameingia Jumatatu asubuhi na kupitisha kilo za majani mabichi za wakulima. Nikaomba nionane naye. Kumbe Mzee Mgaya, aliyekuwa mhasibu wao, alifariki kabla mvua hazijaanza.

Mama Kalinga, aliyekaimu nafasi yake, hakunificha. Mzee alipolazwa Tosamaganga alimwachia nywila, kwa kuwa ni yeye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kupitisha kilo. Akafariki, na majani ya chai hayasubiri matanga. Wakaendelea. "Nikiwasha asubuhi jina lake linatokea, basi namsalimia kwanza, ndo naanza kazi," aliniambia. "Tukimfuta tunakuwa kama tumemzika mara ya pili. Dada mkaguzi, hii si ungeiacha tu ipite?" Akaniuliza, "Na nyie kwenu, mtu akifa mnamfutaga hapohapo?"

Dada Nasrin, nilitazama meza. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nimekaa pale na beji ya ofisi ambayo jina lako liko wazi kwenye mfumo wake, juu ya jina langu, na nalitazama kila asubuhi kama yeye. Nilitamani sana kumwambia, "Haya, Mama, ipite." Cheti wangekipata. Nani angejua?

Halafu nikakumbuka barabara, na lile swali lako la mwisho, lile la nani anamwondoa. Nikamwambia Mama Kalinga jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kabla halijatoka mdomoni. Kwamba siku mtu mwenye tamaa akipitisha kilo za uongo, atazipitisha kwa jina la Mzee. Mzee hataweza kusema si mimi. Watoto wake watasikia sokoni kwamba baba yao aliwaibia wakulima akiwa kaburini. Nikamwambia kufunga si kumzika tena, ni kumlindia jina. Mama Kalinga alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema, "Hapo umesema. Basi andika."

Nikaandika. Mlango, si mtu: chama hakina utaratibu wa kufunga akaunti ya aliyeondoka, na ruhusa muhimu iko kwa mtu mmoja tu. Jina la Mama Kalinga halipo popote, utafurahi. Wameshaanza kurekebisha, na yeye sasa ana ruhusa yake mwenyewe. Kesho nawasomea ripoti kamili mbele ya bodi yao, nikijua atakuwepo, na pengine atarudia swali lake la sisi kwetu tunafanyaje. Siwezi kusimama pale nikiwa na jibu nililokuwa nalo siku ile.

Basi nimefungua ukurasa wako. Jina lako, ile picha yako ya kitambulisho uliyoichukia kwa sababu mpiga picha alikuambia usitabasamu. Ripoti zako zote nimezihamishia kwenye kabati letu la pamoja, hakuna iliyopotea, Kaka Obedi amehakiki. Kilichobaki ni mlango tu.

Nakuahidi mambo mawili. Hakuna mtu atakayefanya kazi kwa jina lako, hata mimi, hata siku nikichelewa na nikishawishika. Na kila atakayepita darasani kwangu ataanzia kwenye benchi la mapokezi, kompyuta ikiwa begini, na akimwandika mama aliyempa chai, nitavua miwani. Mama yako nitakwenda kumsalimia nikipita Iringa, nimchukulie mahindi Makambako, ingawa atasema yamepoa.

Nilikupenda, Dada. Nilidhani ulikuwa unalijua hilo, kwa hiyo sikulisema. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana, na pasiwe na upepo.

Mfumo unaniuliza kama nina uhakika. Chai imeshapoa kabisa, na Kaka Obedi amesimama mlangoni.

Nimebonyeza. Jina limeondoka. Sasa mkono umejua.

Mwanafunzi wako,
Tumpe