Gari Tupu, Mafuta ya Mzigo

Butiama, Mara
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Isaya,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Rebeka na watoto, na kwamba joto la Mtwara limewahurumia kidogo. Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Mchemshieni majani ya mpera, msikimbilie dawa za dukani kila akipiga chafya. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika asubuhi wakati wa kukamua, lakini ukishapata uji unanyamaza.

Mama anakula, anatembea na anagomba, kwa hiyo ni mzima. Huu ni mwaka wa sita amekuwa akilala bila kufunga komeo la mlango wa mbele, kwa ajili ya kaka yetu Ryoba. Nilikuwa nimezoea. Siku hizi za karibuni mazoea hayo yaliniishia, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Mambo haya siwezi kuyasema huku salio linakatika, na sitaki ukate simu kwa hasira kabla sijamaliza. Barua anakuletea Gloria wa kwa mjomba. Tafadhali isome mpaka chini.

Ni habari ya pikapu. Unajua biashara yangu ya maziwa imefika mahali ambapo bodaboda haziwezi tena. Madumu yakifika Musoma saa tano, nusu yake yameshaganda na wateja wananuna. Uliniambia nitafute gari la dizeli lililotumika, lakini nisilinunue kwa macho. Ulisema macho huona rangi, na gari hula mafuta, halili rangi. Maneno hayo niliyashika.

Nilipata moja Bunda. Muuzaji anaitwa Ngusa, mkulima wa pamba, ana maneno mengi kuliko marobota yake. Gari ni la buluu, limepakwa upya kwa haraka mpaka rangi imepanda kwenye mipira ya madirisha. Nikamuuliza ulaji wa mafuta, akacheka. "Dada yangu, hii gari hainywagi. Inanusaga tu." Nikamwambia hiyo pua yake nitaipima mwenyewe.

Nilifanya kama ulivyonielekeza. Mshale wa mafuta sikuutazama hata kidogo, kwa kuwa ulisema mshale wa gari kuukuu ni mwongo aliyezoea uongo. Tulikwenda kituo cha mafuta ili tujaze tangi mpaka shingoni, tuende Musoma na kurudi, halafu tujaze tena pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale. Nikazunguka kufungua tangi.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe ili kisiibwe. Na fundo lake, Isaya, lilikuwa fundo la kufungia ndama, lile la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha chini, ambalo Baba alitufundisha sisi watatu na wewe hukuliweza mpaka leo. Nililishika nikashindwa kulifungua. Kijana wa pampu akaniuliza kama naumwa. Nikamuuliza Ngusa gari alilitoa wapi. Akasema alilinunua kwa mtu wa Kisorya, na kwamba zamani lilikuwa jeupe.

Lilikuwa gari la Ryoba.

Haya mengine unayajua, lakini acha niyaandike, maana nataka tuyatazame upya. Kaka yetu alifia kwenye kiti chake, kwenye foleni ya pantoni ya Kisorya, akisubiri kuvusha mahindi kwenda Ukerewe, injini ikinguruma. Watu wema wakamkimbiza hospitali, akafika roho imeshatoka. Sisi tulimchukulia huko. Wewe ndiwe uliyekaa nyuma na jeneza kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, ukimwambia njia kila daraja na kila njia panda ili asipotee. Uliita mpaka sauti ikakauka, mimi nilikuwa mbele nikikusikia. Gari likabaki Kisorya likauzwa hukohuko, kwa sababu hakuna aliyetaka kuliona. Halafu siku ya mazishi, mbele za watu, Mama akasema sanduku ni jepesi, Isaya hakuita vizuri, mwanangu amebaki njiani. Ulikwenda Mtwara na neno hilo kifuani, na hujalala tena ndani ya nyumba hii.

Sikumwambia Ngusa kitu. Nilifungua fundo, nikajaza, nikaendesha. Gari lilikuwa tupu kabisa, mimi na yeye tu mbele. Nilikwenda mwendo mmoja, vioo vimepandishwa, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Moshi ulikuwa safi, si mweusi. Lakini kila kilima lilipanda kwa kuugua, nikawa narudisha gia mahali ambapo hata gari la magunia lisingeomba. Kwenye kurudi, tulipokaribia Makutano, usukani ukavuta kushoto, upande wa kuja nyumbani. Labda ni lami ilivyolala. Nilishika kwa mikono miwili tukapita, na nilihisi vibaya, kama nimempita mtu ninayemjua bila kumsalimu.

Tulipojaza tena nikapiga hesabu, nikairudia. Kilomita saba kwa lita. Kwa mwendo ule, kwenye lami, bila mzigo! Ngusa, ambaye maneno hayamwishii, akaitazama pampu kana kwamba ndiyo iliyodanganya.

Tulilipeleka kwa fundi Mayala, yule aliyekuwa akitengeneza gari la parokia Nyegina. Alifungua nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini, akasema ziko sawa. Kichujio cha hewa kilikuwa kisafi, matairi yalikuwa na upepo wa kutosha, dizeli haikuvuja popote. Alishika magurudumu moja moja kwa kiganja kuona kama breki zinashika, akakuta hayana joto. Mwisho akainama nyuma akazitazama springi. "Dada, mlibebaga nini leo?" Nikasema hatukubeba kitu. Akatazama tena, akajifuta mikono, akasema mbona zimekaa kama zina kitu.

Niliogopa, Isaya. Sikupambii maneno. Niliogopa kama nilivyokuwa naogopa kisima cha kwa babu.

Nilitaka kumrudishia Ngusa gari lake na nisimwambie Mama lolote. Lakini jioni ilikuwa inakaribia na Ngusa akasisitiza anifikishe nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Gari lilikuwa bado barabarani, halijaonekana, yeye alikwisha kusimama, maharage yamemwagika miguuni. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akaweka kiganja kwenye bodi. Kisha akasema maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema.

"Mlimwitiaga hospitali. Yeye hakuwepoga hospitali. Alikuwa humu, anasubiri pantoni. Isaya aliita vizuri. Aliita sanduku."

Nilimwambia kama ni hivyo basi leo amefika, gari si hili hapa uani. Akanitazama kama mtoto mjinga. Mtu asiyeitwa hashuki, alisema, na mtu huitwa kutoka pale aliposimama. Hapo ndipo Ngusa akafungua mdomo. Akasema tangu anunue gari hilo amebadilisha nozeli mara mbili, na mafuta ni yaleyale, na ndiyo maana analiuza. Nilitaka kumgombeza kwa hadithi yake ya kunusa, lakini alikuwa ameshavua kofia mbele ya Mama.

Kesho yake tulikwenda Kisorya, mimi, Mama na Ngusa. Njia nzima, Kibara mpaka ziwani, Mama alikaa mbele kati yetu, kiganja juu ya dashibodi. Pale yanaposubiri magari alishuka akasimama kando ya mlango wa dereva, akagonga bati kwa vidole, kama alivyokuwa akigonga dirisha lenu asubuhi mkichelewa shamba. "Ryoba, baba. Pantoni hatuvuki leo. Geuza gari, twende nyumbani." Watu wa foleni walitutazama. Wanawake wawili waliokuwa na ndoo za sato walizitua chini wakainamisha vichwa. Sijui kama walielewa, au ni heshima tu ya watu wa huku.

Kurudi alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma juu ya kigoda, amejifunga shuka, vumbi lote likimwishia usoni, na umri ule. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi kidogo, nikawa namsikia. Ryoba, hapa daraja, tunavuka. Ryoba, hapa Bunda, usishuke. Makutano nilikata kulia, naye akasema, "Haya, sasa unanusa kwenu." Nilikuwa naendesha machozi yakinitiririka, na Ngusa pembeni akinionyesha mashimo ili nisiyaingie.

Tulipofika uani Mama akasema, "Shuka, umefika." Nikasubiri kuona au kusikia chochote, hakikutokea chochote. Alinyoosha mkono nimsaidie kushuka, akaomba maji ya kunawa. Tulipokwenda kulala nikasikia chuma kikigonga chuma. Alifunga komeo.

Nililipima tena gari baada ya hapo. Pampu ileile, barabara ileile mpaka Musoma na kurudi, mwendo uleule, mimi na Ngusa mbele. Hakuna hata nati iliyoguswa. Safari hii kilomita kumi na moja kwa lita, na vilima tulivipanda kama watu wanaokwenda harusini. Mayala anasema gari la dizeli lililozoea safari fupi likipata safari ndefu ya kulitoa jasho hujisafisha, na springi kuukuu hazina ukweli. Sikubishana naye. Fundi naye anataka kulala usiku.

Ngusa alifurahi, akaanza upya maneno yake ya kunusa. Mimi niliegesha kando, nikalia kuliko nilivyolia msibani. Unajua kwa nini? Kwa sababu lilikuwa jepesi. Siku zile chache nilikuwa nimeuogopa ule uzito, na sikujua kwamba nilikuwa pia nimempakia kaka yangu na kumwendesha. Sasa ni gari tu. Likipita Makutano linanyooka kama gari lolote.

Nimelinunua. Nisingeweza kumwachia mtu mwingine. Ukanda wa tangi sijaubadilisha, na kila nikijaza nafunga fundo lilelile. Rangi ya buluu ataiondoa Mayala mvua zikianza. Ukipata likizo niambie mapema, nitakuja stendi ya Bunda kukupokea. Kwanza nitajaza tangi mpaka shingoni, nataka nione wewe na kitambi chako mtakula kiasi gani.

Esther, mjane wa Ryoba, anakusalimu. Ameacha nguo nyeusi tangu Jumapili, bila kuambiwa na mtu. Baba mdogo Magige anakusalimu na anauliza kama korosho ni kweli huota nje ya tunda au ulimtania. Nisalimie Rebeka, wabusu watoto, na umwambie yule mkubwa kwamba shangazi yake ana gari sasa, aje alione.

La mwisho ni la Mama. Hajui kuomba msamaha, unamfahamu. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikuambie nini. Alifikiri sana, akachambua maharage yake, mpaka nikadhani amesahau. Kisha akasema:

"Mwambie Isaya siku hizi mlango unafungwaga. Akija abishe hodi. Nitafungua mwenyewe."

Mungu wa baba zetu akuonyeshe njia, daraja kwa daraja.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata miaka uliyonyamaza,

Petronila