Mlima wa Maharagwe Chumbani kwa Makena

Jumamosi. Mvua imeanza leo alfajiri na bado haijachoka. Uwanja wetu hapa Kaaga umekuwa uji, kuku wamejikunja chini ya ghala kama wamefiwa, na mimi nimekaa kwenye kitanda cha mtoto, simu mkononi, naandika.

Wacha nianze kwa kujisifu, maana blogu ni yangu na bando nimenunua mwenyewe.

Mimi ni mwanamke mwenye bahati. Kaaga hii yote, uongeze na Makutano pamoja na stage zake, hakuna mtoto ana chumba kama cha Makena wangu. Nimekipamba kwa mikono yangu hii miwili. Ukutani niliweka Mlima Kenya mzima, wa maharagwe, na binti yangu analala chini yake fofofo, hata umwite kwa mandazi hatoki. Mungu alipokuwa akigawa bahati mimi nilikuwa mbele kabisa, nimebeba karai.

Haya. Sasa tuongee.

Wanaonifahamu wanajua nimekuwa Ghuba miaka mitatu, kazi ya nyumba. Kwa hivyo kwa mambo ya vyumba vya watoto usinichezee. Nimepangusa vumbi kwenye kitanda chenye umbo la gari la mashindano. Nimefagia chumba ambacho dari yake ina nyota, ukizima taa zinawaka zenyewe, na mtoto mwenyewe alikuwa anakimbilia kwa mama yake kwa sababu zilikuwa zinamtisha. Shuleni niliachia darasa la saba, lakini kwa hii kozi nina digrii, na nilisomea kwa ufagio.

Niliporudi mwezi wa nane nilikuwa na picha moja tu kichwani. Makena ana miaka tisa. Nitampa chumba chake, ataingia, atapiga nduru, atanikumbatia, na tutaanza pale tulipoachia.

Alikuja akaangalia. Akasema, "Asante sana Mami, ni kizuri." Vile mtu humwambia mgeni aliyeleta mkate.

Halafu jua likatua, akachukua mto wake, akavuka uwanja, akaenda kulala kwa Mama Kendi.

Lazima nimweleze Mama Kendi, ingawa vidole vinakataa. Ni mke wa ndugu mdogo wa mume wangu. Ametoka kule Kianjokoma, upande wa Embu, na nyumba zetu zinatazamana, mlango kwa mlango. Nilipoenda Ghuba, Baba Makena alikuwa, na bado ni, mlinzi wa usiku wa duka moja la vifaa vya ujenzi Makutano. Mtoto hangelala peke yake. Kwa hivyo Makena akawa analala kule, kitanda kimoja na binamu yake Kendi. Nilipanga hivyo mimi mwenyewe, kwa simu, na nikashukuru mpaka nikalia.

Sasa nimerudi na shukrani imegeuka kitu kingine.

Ni wivu. Nimeandika. Radi haijanipiga.

Chumba cha wale watoto nilikiona wiki ya kwanza, nikijifanya nimeenda kuomba chumvi. Hakuna kitu cha duka mle ndani. Kuna pazia la shanga za karatasi, kalenda kuukuu zilizokatwa vipande na kuviringishwa kama sigara ndogo. Kuna ndege wa maganda makavu ya mgomba, wananing'inia kwa uzi, upepo ukipita chini ya mlango wanageuka wote pamoja kama wameitwa. Kuna wanasesere wa maganda ya mahindi wamevalishwa vipande vya sare ya shule iliyoisha. Nilitaka kucheka. Nilitaka sana. Nikatafuta mahali pa kuanzia kicheko nikakosa.

Halafu nikaona mikono.

Ukuta mmoja wameupaka chokaa, na kila shule ikifungwa Mama Kendi anakoroga udongo mwekundu, anawapaka watoto kiganjani, wanabonyeza ukutani. Chini anaandika jina kwa makaa. Safu ya Makena inaanzia karibu na mlango. Mkono wa kwanza ni mdogo, ule niliouacha, ule uliokuwa unashika kidole changu kimoja tu tukivuka barabara. Unaofuata ni mkubwa kidogo. Unaofuata ni mkubwa zaidi. Wa mwisho niliuwekea wangu juu, nikaona bado kidogo tu unifikie.

Nilitoka bila chumvi.

Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nilishuka Makutano nikanunua stika za malkia wa plastiki, taa za vipepeo na rangi ya waridi. Nikapaka, nikabandika, nikapiga picha, nikaweka status. Watu wakaweka moyo, moyo, moyo. Lakini ukuta wetu hushika unyevu, na wiki haikuisha malkia mmoja alikuwa amebaki miguu. Makena akaokota kichwa chake chini ya kitanda, akaniletea kwa heshima. Jioni akachukua mto.

Ndipo nikaamua, kama ni mikono inatafutwa, mikono ninayo.

Niliwaza kitu ambacho Mama Kendi hawezi hata kuota. Mlima. Ukuta mzima juu ya kitanda, ili binti yangu akifungua macho aone Mlima Kenya hata siku ya ukungu. Nikachora kwa makaa. Gundi nikapika mwenyewe, uji mzito wa unga wa ngano. Msitu nikaweka ndengu za kijani. Mawe njahi, zile mbegu nyeusi zenye ukingo mweupe. Mabonde maharagwe yale mekundu yenye madoa. Na theluji, sikilizeni, theluji nikaweka mchele wa Mwea. Hata harufu ilikuwa ya theluji ya watu wenye uwezo.

Maharagwe na njahi nilizitoa jikoni kwa mama mkwe, kwenye debe lililo juu ya meko, jeusi kwa moshi. Nilikuwa nimeangalia ya kwenye gunia nikayaona yamesinyaa. Ya kwenye debe yalikuwa mazuri ajabu, yamelingana, yamejaa, hakuna hata moja lenye tundu. Tatizo moja tu, yalikuwa yamechanganywa na jivu. Nikayaosha, huku nikicheka peke yangu, ati watu wa huku wanahifadhi chakula kwa jivu kama hawajawahi kuona ndoo yenye kifuniko.

Wewe uliyekulia shambani najua umeshashika kichwa. Mimi nilizaliwa Makutano nyuma ya duka. Mbegu nilizijua za pakiti.

Makena aliuangalia ule mlima kwa muda. Akapapasa theluji. Akasema, "Mami, umetumia mchele," na nikaona kona ya mdomo ikicheka. Kona moja. Nikajua nimeshinda, kesho au kesho kutwa atahamia.

Kisha leo mvua ikaanza, na mvua ikianza hapa hakuna anayekaa. Mama mkwe aliingia jikoni mwake kuteremsha mbegu zake. Nikasikia debe likianguka. Halafu sauti, taratibu sana, na huyu mama akiongea taratibu hata mbwa hutoka.

"Mama Makena. Mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu zipi, Mama?"

Nilikuwa nauliza kweli. Kisha nikakumbuka jivu.

Walikuja wote. Mama mkwe mbele, Mama Kendi na gunia kichwani kwa sababu ya mvua, watoto nyuma. Walisimama hapa mlangoni wakaangalia msimu mzima wa shamba ukiwa umebandikwa ukutani. Mimi nilichagua yale maharagwe kwa sababu ni mazuri. Naye mama mkwe alikuwa ameyachagua moja moja baada ya mavuno, kwa sababu hiyo hiyo.

Mama mkwe alikaa kwenye kitanda. Akaangalia juu mpaka kileleni.

"Na huo mchele," akauliza, "nao nani alikuwa anataka kuupanda?"

Mama Kendi akaanza kucheka. Nilimngoja. Nilisema moyoni, leo useme tu, useme mtu wa Ghuba hajui mbegu, unipe sababu, nikuchukie kwa amani. Lakini alifuta macho akasema, "Mama Makena, huu mlima umeutoa kweli. Hata ile ncha imeinama vile iko. Sisi kule Kianjokoma tunauona kutoka upande ule mwingine. Nimekumbuka kwetu."

Unaona shida yangu? Mtu kama huyo utamfanyia nini? Hata kumchukia anakunyima.

Tukabandua. Hakukuwa na njia nyingine, mvua haingoji mtu. Mimi, Mama Kendi, Makena, Kendi, kila mtu na kisosi chake, na mama mkwe kitandani akipokea na kukagua kama hakimu. Nilikuwa navuta kwa nguvu ili aibu iishe haraka, na Makena akanishika mkono.

"Usivute hivyo, Mami. Utang'oa jicho. Haragwe likitoka jicho haliwezi kuota."

Akanionyesha, kwa ule ukucha wake mdogo, unaingiza kando, unainua pole pole. Nikauliza nani alimfundisha. Swali la kijinga. Mwalimu alikuwa hapo nyuma yangu anabandua mabonde.

Nikafanya vile alivyoniambia. Tukabandua bega kwa bega, na nitakiri, tulicheka sana. Kendi alikula theluji. Mama mkwe akasema uji wangu wa gundi una ladha kuliko ninaowapikia. Binti yangu alikuwa amenikaribia kiasi cha kusikia pumzi yake, na kwa muda ule mdogo sikumwonea mtu yeyote wivu duniani.

Ndipo akauliza, bila kuniangalia, macho kwenye haragwe.

"Hizi zikiota, utakuwa umeenda tena?"

Na mimi, mdomo wangu huu mrefu ambao umenitoa kwenye shida mpaka uwanja wa ndege, nikafanya mzaha. Nikasema, "Niende wapi na matope haya, ndege itakwama." Kendi akacheka. Mama Kendi hakucheka. Makena akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa analitarajia, akaendelea kubandua. Lakini alisogea. Si sana. Upana wa kiganja.

Nimekuwa nikidhani naonewa na ndege wa migomba. Miezi hii yote nashindana na shanga za karatasi, na mtoto hakuwa anapima chumba. Alikuwa anapima kama mimi ni wa kukaa. Kule ng'ambo ya uwanja mkono wake umebonyezwa ukutani kila likizo na mtu ambaye likizo ijayo atakuwepo. Hapa kwangu kuna rangi ya waridi na mama ambaye begi lake la safari bado liko juu ya kabati, na lebo ya ndege haijatolewa. Nimeiangalia sasa hivi. Kweli iko. Nilikuwa naiacha ili wageni waione.

Nimeinuka nimeikata.

Maharagwe yameingia shambani. Karibu yote. Mama mkwe amesema kwa vile yalionja maji yataota kwa haraka, na asipoona majani atanipanda mimi. Ukuta umebaki na alama ya mlima, doa la uji lenye umbo la kilele, na juu kabisa mchele kidogo ambao Makena alikataa tutoe.

Na wivu? Uko hapa, umekaa nami kitandani. Jioni hii namwona kupitia dirisha, Mama Kendi amesimama mlangoni kwake anamkausha nywele Makena kwa leso. Sitadanganya kwamba umeisha. Nadhani nitauzoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio.

Kesho tukitoka kanisani nitaenda kwa Mama Kendi, na mara hii si chumvi. Nitamwomba udongo wake mwekundu. Itaniuma kuliko kung'olewa jino, lakini nitaomba, na nitamwambia aje anionyeshe vile unakorogwa. Halafu nitamwita Makena, nimpe jibu la lile swali, neno moja, bila mzaha. Akikubali tutabonyeza mikono hapo chini ya mlima, wake na wangu. Asipokubali nitabonyeza wangu peke yake, auone ukiwa pale kila siku mpaka achoke kuungoja uondoke.

Na ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Makena hajalala katika chumba hiki hata mara moja. Anayelala hapa, chini ya mlima, ni mimi.