Mteremko wa Mama

Kaka yangu mpenzi Edmund,

Pokea salamu kutoka hapa nyumbani Suffolk, Uingereza. Sisi hatujambo, ila Mama na kikohozi chake cha kila vuli, na mimi na ulimi wangu huu unaoujua. Wewe, wifi na watoto mu wazima huko Kanada?

Uliniandikia kwamba sakafu ya ghorofani iliyoinama isiponyooshwa kabla ya baridi, Mama ahamie makao ya wazee, maana macho yamekwisha na ataanguka. Basi nikamwita fundi Catchpole. Alibandua saruji aliyoipaka Baba ukutani, akaguna. Alisema ukuta wa fito na udongo unataka chokaa upate kupumua. Saruji imefungia maji ndani, na mguu wa nguzo ya pembeni umeoza, unamegeka kama keki iliyolowa. Marehemu Baba na usafi wake!

Kabla ya kutia mguu mpya akaweka jeki, kama ulivyotaka, akainyanyua pembe ile polepole hadi sakafu ikanyooka. Nilifurahi, kaka. Niliweka gololi chini, ikatulia palepale.

Lakini milango iligoma kufunga, maana ilikatwa mshazari kufuata miimo iliyoinama. Na Mama, ambaye siku zote hutembea kule juu bila kushika ukuta, alipepesuka akaniangukia mikononi. Alikaa kitandani, akaniuliza ni nani kamwibia nyumba yake. Kisha akataka kuonana na fundi.

"Mwanangu," akamwambia, "ule mteremko ndio ulionifikisha mlangoni. Nirudishie."

Catchpole alivua kofia. Alisema mwaloni, mti wa nguzo hizi, ukikauka hujipinda utakavyo, na nyumba hii ilishachagua ulalo wake kabla babu zetu hawajazaliwa. Akashusha jeki, akaukata mguu mpya kwa kimo kilekile cha zamani, akaukaza kwa vigingi vya mti. Milango ikafunga.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Chumba ulichomwekea Mama kule makaoni nimekirudisha kwa wenyewe, bila kukuuliza. Kasirika, ni haki yako. Ila leo ameshuka peke yake, ametandika meza, kisha akanikaripia kwamba chai yangu ni maji matupu. Nililia kwa furaha, naye akadhani nimenuna.

Mbusu wifi na watoto. Krismasi njooni. Mlango wa chumba chako bado unataka kusukumwa kwa bega, na usiku usihangaike kutafuta taa. Fuata miguu yako, mteremko utakufikisha.

Dada yako akupendaye,
Hester