Sakafu Uliyoipigia Hesabu

Kalenga, mdogo wangu,

Nakuandikia kwa hasira, kwa kuwa machozi hayakunisaidia kitu. Homa ilikuchukua, tukakuzika, na tangu siku hiyo watu wa mtaa wetu wanaiondoa ardhi chini ya miguu yao wenyewe.

Zile mashine za kutunzia data zimefika katika lile jengo la mtaani kwetu, ambalo wewe mhandisi uliipigia hesabu sakafu yake. Kila kabati ni jembamba kama kabati la nguo na zito kama gari, na betri zake ni nzito zaidi. Hesabu ya uzito ulinifundisha wewe, kwenye harusi ya dada yetu, ukinionyesha vitobo vya visigino kwenye udongo wa uani: "Gunia la mahindi halitoboi ardhi. Kiatu cha bibi harusi kinatoboa." Nilicheka mpaka nikamwaga bia. Kisha ukaenda kukokotoa, kwenye michoro, uzito wa kila mguu wa kila kabati, ukaagiza mabamba ya chuma ya kuwekwa chini yake, ukaandika kwamba zege litabeba, maadamu limelala juu ya udongo mgumu. Ulikuwa sahihi. Nasema mbele ya yeyote: ulikuwa sahihi.

Lakini udongo haupo tena, Kalenga.

Jirani wa jengo lile amechimba chumbani mwake kutafuta kobalti. Mdomo wa shimo uko chini ya kitanda, na njia imepita chini ya ukuta hadi chini ya sakafu yako. Mtaa mzima unajua. Feni za mashine zinanguruma kutwa, nyundo hazisikiki, wachimbaji wake wanashukuru. Nimeandika magazetini, nimefoka redioni. Mwenye jengo ananionyesha saini yako: "Marehemu alisema inabeba." Yale maneno yako ya udongo mgumu hayasomi. Wachimbaji nao wananicheka: "Tata mzee, maneno yako iko na kilo ngapi?" Mimi, niliyesoma vitabu hivi vyote, nikarudi nyumbani kuandika makala nyingine.

Ningeliacha jengo lile lizame, na madini yote ya nchi hii pamoja nalo. Lakini Kapinga yumo. Binti yako ndiye anayezichunga mashine, amevaa sweta lako kwa sababu ya baridi ya viyoyozi vya mle ndani. Nilimsihi atoke. Akanitazama kwa macho yako.

"Baba mukubwa, papa alisema inabeba. Unataka mi niseme papa alidanganya?"

Nikamwambia hukudanganya, ni ardhi iliyoondoka. "Basi acha kutukana kazi yangu," akasema, akanimiminia chai. Chai, Kalenga! Kikombe kilikuwa kinatetemeka mezani, na sikujua kama ni feni au ni nyundo.

Sina imani tena na kalamu. Wala na hasira yangu, Mungu anisamehe, na ndiyo tu niliyokuwa nimebaki nayo. Nimemwomba jirani anishushe kesho shimoni, nipige picha sakafu yako kwa upande wa chini. Amekubali kwa dhihaka tu. Anasema tumbo langu litakwama. Naogopa. Nikipanda, Kapinga ataiona picha kwa macho yake. Asiposadiki hata hiyo, nitaingia mle ndani na kiti changu, nikae kando yake zamu hadi zamu, mpaka achoke nami na kutoka, au mpaka sote wawili tushuke kwako.

Lala, mdogo wangu. Juu ya shimo lile, mtoto wako hatakaa peke yake.

Kaka yako