Mabati ya Januari

Dzaleka, Alhamisi, Septemba 1995

Joto la kuchosha leo, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Nimerudi kutoka Lilongwe mchana na tangu nishuke garini nina woga. 

Niandike kwa utaratibu, labda nitatulia. Bwana Mtambo, ofisa wa serikali anayesimamia kambi yetu, alinipa kazi ya kumwandalia mpango wa manunuzi ya mwaka: vitu gani serikali iinunulie kambi, majengo gani yatengenezwe, huduma gani zilipiwe, na kila kimoja mwezi gani. Alinichagua kwa sababu nilifanya kazi hiyohiyo kwenye ofisi ya mji kule Bukavu. Wenzake walinung'unika kwamba mkimbizi kapewa kalamu. Akawajibu kwamba mkimbizi huyo kazi anaijua.

Basi nikajiona.

Jambo kubwa kwenye mpango wangu ni paa la wodi ya wazazi ya hapa kambini. Mabati yameoza, ukilala pale unaona mawingu. Nikaandika: mabati yanunuliwe Desemba, paa bovu lishushwe Januari, jipya lipande baada ya hapo. Kwetu Januari mvua inapumzika kidogo, watu wanavuna maharagwe na mafundi wanapanda juu ya nyumba. Kila mwaka kule niliandika Januari, mkono umezoea.

Lakini sisi tulifika hapa mwezi wa tano mwaka huu. Januari ya Malawi sijawahi kuiona.

Jana nilikwenda Kanengo, upande wa viwanda wa Lilongwe, kuuliza bei za mabati kwenye maghala, kisha nikalala mtaa wa Area 25 kwa mama Riziki. Tulisali naye kanisa moja Bukavu, ila yeye alitutangulia kuja huku. Tukiwa tunakula nsima, ugali wa huku, nikaona ukutani mstari wa matope, juu kidogo ya goti. Nikamtania kwamba fundi wake wa rangi alilewa.

"Hapana, ma sœur. Ile ni maji ya janvier," akasema, akiniita dada na kuitaja Januari kwa Kifaransa kama kule kwetu. "Hapa janvier njo mvua yenyewe. Tulibeba batoto ku mabega."

Nikalirudisha tonge sahanini. Niliona wodi isiyo na paa, wanawake na vichanga vya siku moja, na maji yale yakishuka juu yao. Na mpango ulikuwa umeshatiwa saini. Bwana Mtambo alisaini ukurasa wa mwisho bila kusoma miezi, kwa kuwa ananiamini, na leo asubuhi alikuwa aupeleke wizarani Lilongwe.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mama Riziki. Mazoea ya mkono ni nusu tu ya ukweli. Mdogo wangu Furaha, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, ana mimba, na atajifungua Oktoba. Majirani walishaniambia kwamba mvua za huku huanza Novemba, kwa hiyo nilijua Oktoba ni kavu na paa lingeweza kushushwa wakati huo. Sikuitaka Oktoba. Nilitaka Furaha azalie kitandani, chini ya paa, hata kama bovu. Januari ilinifaa. Ndiyo maana sikumuuliza mtu mvua hizo zinaisha lini.

Asubuhi nilimsubiri Bwana Mtambo kwenye ngazi za wizara. Nikamweleza kosa kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. La Furaha nikalimeza. Akafungua karatasi, akautafuta mstari wa wodi, kisha akafunua hadi kwenye saini yake.

"Jina lililo chini hapa ni langu, mama," akasema.

Basi. Afadhali angefoka.

Tukakaa kwenye korido tukapanga upya. Mabati yanunuliwe mwezi huu, paa lishushwe na kupandishwa Oktoba, kabla ya mvua. Wodi itafungwa mwezi mzima na wajawazito watapelekwa hospitali ya Dowa. Nikaomba tuongeze gari la kukodi kwenye fungu la huduma. Alikubali gari la mchana. La usiku alikataa, madereva wanataka zaidi na fungu limekwisha. Nikaandika "mchana tu" kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuliporudi kambini nilimkuta Furaha anachambua maharagwe mlangoni. Nilimwambia yote, hata kwa nini niliandika Januari. Nilitegemea atalia, au atanishukuru, sijui. Aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe, kisha akauliza:

"Na kama uchungu unanishika usiku, yaya?"

Nilichuchumaa nikamsaidia kuchambua. Amepika, tumekula. Ninamwogopea.

Kesho mpango unapigwa taipu upya, halafu unaondoka na hakuna atakayeugusa tena. Bwana Mtambo amenichoka, na ana haki. Hata hivyo nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua ofisi. Nitamwomba gari la usiku. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya wanawake wote wa kambi, na lingekuwa neno zuri la kuweka kwenye mpango.

Lakini safari hii nitamwambia kwanza kuhusu Furaha.